Kangaga la kisimani: kisa cha Kunduchi

Ujumbe uliingia Jumamosi moja mwishoni mwa Januari, ukiwa na picha mbili na swali fupi: "Mwalimu, huu mmea tuung'oe au tuuache?" Aliyeutuma ni kijana niliyewahi kumfundisha baiolojia. Bibi yake anaishi Kunduchi, kwenye kiwanja chenye kisima cha zamani kilichojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mdomo wa kisima ulikuwa umeanza kupasuka, familia ikaita fundi azibe nyufa kwa saruji. Mwezi wa Desemba fundi alikuwa amekwangua ukuta ule kwa panga, na sasa mmea ulikuwa umechipua tena palepale, kwenye viungo vya mawe.

Swali la kung'oa au kuacha lilikuwa limeshawagawa. Muuza miche mmoja wa barabarani alipoonyeshwa picha alisema ni mmea wa mapambo wa kigeni uliotoroka kwenye vyungu vya watu. Jirani, mvuvi mstaafu anayeheshimika pale mtaani, alisema umetoka China. Bibi alisema umekuwapo tangu yeye akiwa mwali, na kwamba mama yake naye aliukuta.

Nilijibu siku ileile, na nilikosea. Niliandika kwamba ni kangaga la jamii ya Nephrolepis, huenda Nephrolepis biserrata, ambalo ni la hapahapa pwani. Picha zilionyesha majani machanga yasiyozidi kiganja, yaliyopigwa kwa juu, yakiwa na vipande vilivyopangwa pande mbili za uti kama ngazi. Nephrolepis ndilo kangaga la ngazi ninalokutana nalo mara nyingi Dar es Salaam, chini ya minazi na kwenye mashina ya michikichi. Basi nikaona nilichokizoea.

Jioni ikaja sauti ya bibi, imerekodiwa na mjukuu. "Mwanangu, lile la chini ya minazi nalijua. Lile linatupa kamba. Hili la kisimani halina kamba. Na lile la kwenye mikoko ndilo tunaloliita kangaga, majani yake mapana. Hili silo wala lile."

Nilirudia kuisikiliza mara tatu. Kamba anazozisema bibi ni vishina vyembamba kama waya ambavyo Nephrolepis huvirusha pembeni, vikagusa ardhi na kuotesha mmea mpya. Ni alama mojawapo ya uhakika ya jamii ile. Mtu asiyewahi kushika kitabu cha mimea alikuwa amenionyesha kosa langu kwa kutumia kiungo ambacho sikukiangalia, kwa sababu picha haikukionyesha. Jumapili nikapanda daladala kwenda Kunduchi, na lensi ya mkononi, rula, magazeti ya zamani na bahasha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kuliona mwenyewe, eeh?"

Kabla ya kuendelea, niseme kuhusu maneno. Kangaga ni mmea usio na ua wala mbegu. Huzaliana kwa spora, vumbi laini linalotengenezwa kwenye vifuko vidogo sana, aghalabu upande wa chini wa jani. Baadhi ya wazee wa pwani, kama bibi huyu, hulitumia neno kangaga kwa lile kubwa la majimaji tu, lakini hapa nalitumia kwa kundi zima. Jani zima nitaliita jani, hata likiwa refu kama mkono, na vile vipande vilivyopangwa kwenye uti wake nitaviita vikuti, kwa kuwa vinakaa kama kuti za mnazi. Kundi la vifuko vya spora wataalamu huliita sorusi.

Machipukizi ya mdomoni mwa kisima hayakunisaidia. Yalikuwa machanga, yasiyo na spora, mengine bado yamejikunja kama mkia wa kinyonga. Kwa majani ya namna hiyo mtu anaweza kubishana mchana kutwa bila kufika popote. Mjukuu ndiye aliyeinama na kuona kwamba ndani ya kisima, kama pima moja na nusu chini ya mdomo, panga la fundi halikufika. Pale kulikuwa na mashina matano au sita yaliyokomaa, majani yakining'inia kuelekea kwenye maji. Alileta ngoeko ya kuangulia maembe, tukavuta majani mawili na kishina kimoja kizima na mizizi yake. Mengine tukayaacha.

Nilianza na shina. Lilikuwa fupi na nene kidogo, limefunikwa magamba membamba ya rangi ya hudhurungi iliyopauka. Majani yote yalitoka pamoja kama fungu. Nilipekua mizizi yote, sikuona hata waya mmoja. Bibi alikuwa sahihi, na jibu langu la kwanza likafa hapo.

Jani refu zaidi lilikuwa na sentimita 62. Umbo lake ndilo lililoanza kuniambia jambo. Lilikuwa jembamba chini, likapanuka kadiri linavyopanda, na upana wake mkubwa ulikuwa juu ya katikati. Jozi za vikuti zilikuwa 23, vyote vyembamba na virefu kama kamba za ukindu, bila kikonyo, vimekaa moja kwa moja kwenye uti. Vya chini vilizidi kupungua mpaka vya mwisho vikabaki kama masikio madogo. Kileleni kulikuwa na kikuti kimoja peke yake, kirefu, kinachofanana na vile vya pembeni. Hicho cha kileleni kina uzito. Jani la Nephrolepis mara nyingi halimaliziki hivyo: ncha yake huendelea kukua polepole, na vikuti vya juu huzidi kuwa vidogo mpaka kwenye kichwa kilichojikunja. Hapa jani lilikuwa limefunga hesabu kwa kikuti kamili.

Nikavuta kikuti kimoja taratibu. Cha Nephrolepis hukatika kwenye kiungo chake, ndiyo maana mara nyingi unaona majani yake ya zamani yamebaki uti mtupu kama mfupa wa samaki. Hiki kiligoma, kilipong'oka kikatoka na ngozi ya uti. Jaribio hilohilo lilinisaidia pia kuweka kando Pteris longifolia ya Amerika ya kitropiki, ambayo kwa miaka mingi imechanganywa na mmea wetu kwa kuwa zinafanana sana: ile nayo ina kiungo, na vikuti vyake hudondoka.

Hadi hapo nilikuwa na dhana, lakini sikutaka kujibu kwa dhana mara ya pili. Nikaligeuza jani.

Muuza miche alikuwa amemwambia mjukuu kwamba mmea una ugonjwa, na kwamba ile rangi ya kutu kwenye kingo za majani ni dalili ya kupigia dawa. Nimeshasikia ushauri huu mara nyingi mno, na unaniumiza, kwa sababu watu hununua sumu kuua kizazi cha mmea ulio na afya. Kutu ya kweli na wadudu magamba hukaa ovyo: hapa doa, pale doa, wakati mwingine na upande wa juu, na jani linanyauka au linapata manjano kuzunguka doa. Sorusi hukaa kwa mpango unaojirudia, kikuti baada ya kikuti, kulia sawa na kushoto. Hapa palikuwa na mstari mmoja kila ukingo, ulioanza juu kidogo ya kitako cha kikuti na kwenda bila kukatika mpaka karibu na ncha, pale ulipokoma na kuacha sehemu fupi yenye meno madogo kama msumeno. Vikuti visivyo na spora vilikuwa na meno hayo ukingo mzima. Hakuna ugonjwa unaofuata rula namna ile.

Chini ya lensi mstari ulifunguka. Ukingo wa kikuti ulikuwa umejikunja kwa ndani ukawa utando mwembamba wa kijivu, mfano wa upindo wa nguo, na chini ya upindo huo vifuko vilijipanga vimebanana, vya kahawia, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchanga. Niliinua upindo kwa ncha ya sindano nione vifuko vimeshikamana na nini. Vilikuwa kwenye jani lenyewe, juu ya mshipa unaopita kando ya ukingo, na upindo ukivifunika tu. Ukaguzi huo ni wa lazima, kwa sababu Adiantum, kangaga jingine linalopenda visima na kuta zenye unyevu, nalo lina ukingo uliokunjwa, ila vifuko vyake huota kwenye ule mkunjo wenyewe. Majani ya Adiantum yana vikonyo vyeusi vinavyong'aa na vikuti vya umbo la kipepeo cha kupepea moto, kwa hiyo mtu hawezi kuyachanganya na haya akiwa na jani zima. Akiletewa kipande kilichosagika, anaweza.

Kwa upande wa Nephrolepis, nilikwenda chini ya minazi ya bibi nikachuma jani la lile lenye kamba, nikayaweka mawili sambamba juu ya gazeti ili wote waone. La minazi lilikuwa na vidoa vya duara, kila kimoja na kifuniko chake chenye umbo la figo, vimepangwa safu karibu na ukingo bila kugusana. La kisimani lilikuwa na mstari. Jirani mvuvi aliinama akayatazama kwa muda. Akasema, "Hili lina vifungo, hili lina upindo." Sijasikia maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo. Mjukuu akaongeza la tatu kutoka kwenye mikoko ya mkondoni, lile ambalo bibi analiita kangaga hasa, Acrostichum aureum: kwenye majani yake yenye rutuba, vikuti vya juu vimefunikwa upande wote wa chini kwa vifuko, kama kitambaa cha mahameli ya kahawia, hakuna doa wala mstari. Makangaga matatu, yote ya ngazi ukiyaona kwa mbali, na kila moja na mpangilio wake ukiligeuza.

Usiku ule niliweka vikuti viwili ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, upande wa spora chini, nikaweka juu yake kitabu kizito. Vifuko vya kangaga vina ukanda wa seli zenye kuta nene, na vinapokauka ukanda huo hujivuta nyuma kisha hufyatuka ghafla kama manati, ukirusha spora. Asubuhi kwenye karatasi kulikuwa na mistari miwili miwili ya unga wa kahawia, picha kamili ya kingo za vikuti. Jumatatu shuleni, baada ya vipindi, niliuangalia kwenye hadubini pamoja na unga wa lile la minazi. Spora za la minazi zilikuwa na umbo la punje ya haragwe na mshono mmoja. Za la kisimani zilikuwa na pembe tatu, na juu yake alama ya mikono mitatu inayokutana katikati. Alama ya mikono mitatu ni ya kawaida kwenye Pteridaceae, familia ya makangaga yenye Pteris ndani yake, na haragwe ndilo la Nephrolepis.

Jina lilikuwa Pteris vittata. Upindo uliounganika kwenye kingo zote mbili, jani linaloishia na kikuti kirefu, vikuti vya chini vinavyopungua hadi masikio, mishipa isiyoungana ndani ya kikuti, magamba yaliyopauka, na makazi yenyewe: mmea huu unapenda chokaa kiasi kwamba ukiuona umeota kwenye ukuta unaweza kukisia kilichotumika kujengea. Mawe ya matumbawe yamefungwa kwa chokaa, na matumbawe yenyewe ni chokaa. Kwa kangaga hili kisima kile ni jabali la asili lenye maji chini yake.

Nilidhani kesi imekwisha. Lakini mjukuu alipoliandika jina hilo kwenye simu, alikuta jina la Kiingereza lenye neno China ndani yake. Akamwonyesha jirani, na jirani akasema kwa upole, "Sikuwaambia?"

Sikutaka kumpuuza, kwa sababu hoja yake ilikuwa na mguu. Pale Kunduchi kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, na kwenye makaburi hayo yalipachikwa mabakuli ya kaure ya China. Biashara ya bahari ilileta vyombo kutoka mbali. Kwa nini isilete mmea? Mtu aliyekulia kando ya magofu hayo ana haki ya kuuliza hivyo.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimejibu swali moja nikidhani nimejibu mawili. Lensi, upindo na spora vilinipa jina la mmea. Havikusema lolote kuhusu asili yake. Asili haisomwi kwenye jani, husomwa kwenye kumbukumbu za mahali mmea unapoota porini, pasipo mkono wa mtu. Jina lenye China lina historia yake: mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, alipolichapisha jina Pteris vittata mwaka 1753, kielelezo chake kilitoka China. Mahali kilipotoka kielelezo cha kwanza si lazima pawe nyumbani pekee pa mmea. Kangaga hili huota lenyewe katika Afrika, kusini mwa Ulaya, Asia yenye joto na hadi Australia, kwenye miamba ya chokaa, kingo za mito na kuta. Amerika ndiko lilikopelekwa na watu. Na kufika mbali halihitaji jahazi, spora zake hubebwa na upepo. Orodha kubwa ya mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda, kazi iliyoanza mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 chini ya bustani ya Kew ya Uingereza, inalihesabu kuwa la huku.

Nilimweleza jirani hivyo, tukiwa tumekaa kwenye mkeka wa bibi. Alifikiri, akasema, "Kwa hiyo Mchina alilipa jina, hakulileta." Nikamwambia hata jina hakulitoa yeye. Tukakubaliana.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuulizwa, nikaona nikinyamaza nitakuwa nimekosa. Bibi alitaja kwamba jirani mwingine huomba majani hayo kuchemshia dawa ya tumbo. Mwaka 2001 watafiti wa Florida, Marekani, walitangaza kwamba Pteris vittata hufyonza sumu ya aseniki kutoka ardhini na kuilimbikiza kwenye majani kwa kiwango ambacho mimea mingi ingekufa. Waliligundua likiota kwenye eneo lililochafuliwa na dawa ya kuhifadhia mbao, na katika majaribio ya udongo uliotiwa aseniki majani makavu yalifikia zaidi ya gramu 20 kwa kilo. Sisemi kisima cha bibi kina aseniki. Majani hayazidishi kisichokuwamo ardhini. Lakini mmea wenye tabia ya kukusanya sumu ile si mmea wa kuchemsha na kunywa, wala wa kumlisha mbuzi, hasa ukitokea kando ya karakana au mahali palipomwagwa dawa za mbao. Bibi alisikiliza, akaniambia atamwambia yeye mwenyewe, maana akisema kijana hatasikilizwa.

Turudi kwa fundi. Alikuja mchana, tukauangalia ukuta pamoja. Mizizi ya kangaga ilikuwa myembamba, imeshika chokaa ya juu tu. Nilipopitisha mkono upande wa mashariki wa mdomo wa kisima, nikakuta kimche cha mti wa jamii ya mkuyu, urefu wa kidole, kimeota katikati ya mawe mawili. Panga lilikuwa limekata majani yake na kuacha mzizi. Huo ndio ufa! Mzizi wa mti wa namna hiyo hunenepa na kusukuma mawe. Fundi alikuwa amefyeka asiyehusika na kumwacha mvunja nyumba, na hakuna wa kumlaumu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia kipi ni kipi. Akakichokonoa kwa patasi mpaka chini. Kuhusu saruji, tulibishana kidogo. Nilimwomba arudishie chokaa na mchanga, kwa kuwa saruji ngumu hufungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe na mawe huanza kulika pembeni mwake. Alikuwa amewahi kulisikia hilo kwa fundi mzee aliyemfundisha, na gharama haikutofautiana sana. Mdomo wa kisima ukasafishwa wote, kangaga likiwemo, ili watu washike ukingo salama. Yale mashina ya ndani yakaachwa.

Kielelezo nilichokausha kwenye magazeti kina shina, majani mawili na bahasha ya spora. Kibandiko chake kinasema: Kunduchi, Dar es Salaam, ukuta wa ndani wa kisima cha mawe ya matumbawe na chokaa, kwenye kivuli, jani hadi sentimita 62, hakuna vishina vya kutambaa. Bibi aliniomba niongeze kwamba lilikuwapo tangu ujana wa mama yake, nikaandika hivyo kama alivyosema yeye. Nitakipeleka kwenye hifadhi ya mimea mikavu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nusu ya ule unga wa kahawia ulibaki kwa mjukuu. Aliunyunyiza juu ya kipande cha tofali lililowekwa kwenye bakuli la maji, akalifunika kwa mfuko wa plastiki angavu na kuliacha dirishani. Jana alinitumia picha: tofali limeota utando wa kijani, na kwa lensi unaona vipande vyenye umbo la moyo, vidogo kuliko ukucha wa mtoto. Amepiga pia picha ya upande wa chini.